Ukituma Nguruwe Nyumbani, Tuma na Pumba

Mazungumzo ya afisa mifugo mstaafu mbele ya wanachama wetu waishio Dar es Salaam, siku ya mkutano mkuu na harambee ya mwaka

  Katibu ameniambia nina nusu saa kabla ya chakula, na harufu inayotoka kule nyuma inanionyesha kwamba chakula chenyewe ndicho ninachokuja kukizungumzia. Ndugu zetu Waislamu na Wasabato wamepikiwa kuku kwenye sufuria zao, nimehakikisha. Lakini nawaomba na ninyi mnisikilize, maana katika haya nitakayosema liko jambo linalomhusu hata mtu ambaye hajawahi kuonja kitimoto maisha yake yote.

Nitaanza na malalamiko yenu, kwa sababu nayapokea kwenye simu mara kwa mara. Mtu ananipigia kutoka Mbezi au Mbagala: "Mzee, nilimtumia mama hela akanunua nguruwe wawili. Mwaka umepita. Nimekwenda likizo nimekuta kila mmoja hafiki hata kilo arobaini, kichwa kikubwa, mgongo kama msumeno. Ni mbegu mbaya, au nyumbani wananila hela?" Jibu langu ni lile lile. Mbegu inaweza kuwa na kasoro, na hela za mama siwezi kuzikagua. Ila nguruwe wale hawakulishwa. Na hawakulishwa kwa sababu uliyetuma hela ya nguruwe hukutuma hela ya chakula.

Sisemi hivi kuwakaripia. Nasema kwa sababu mtu aliyezoea mbuzi huhesabu nguruwe kama mbuzi. Mbuzi ukimfunga kamba penye majani asubuhi, jioni unamkuta ameshiba, amekaa anacheua. Nguruwe hacheui. Ana tumbo moja, kama sisi. Majani ya viazi vitamu, makabichi, maboga, vyote mpe, atavifurahia na vitamsaidia. Lakini hawezi kunenepa kwa majani peke yake, kama wewe usivyoweza kunenepa kwa mchicha mtupu. Anashindana na binadamu. Anataka kile kile mnachotaka ninyi: mahindi, maharage, samaki. Sasa fikiria mama yako mwezi Februari, ghala limepungua, wajukuu watatu wako nyumbani, na wale wawili bandani wanapiga kelele. Nani atakula kwanza? Wajukuu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nguruwe watapata maji ya kuoshea vyombo na maganda ya ndizi.

Tuweke hesabu mezani. Shilingi zinabadilika kila msimu, kwa hiyo nitatumia kilo, bei mtaiweka wenyewe kwa kupiga simu Mlowo.

Mtoto wa nguruwe aliyeachishwa kunyonya vizuri akiwa na miezi miwili ana kilo 10 hivi. Tukitaka kumchinja akiwa na kilo 90, anatakiwa kuongeza kilo 80. Chotara anayekula chakula kilichochanganywa vizuri hutumia kilo tatu na nusu hadi nne za chakula kuongeza kilo moja ya mwili. Zidisha. Ni kama kilo 300 za chakula kwa nguruwe mmoja, kwa muda wa miezi sita. Akichinjwa, ukitoa damu, matumbo na uchafu, unabaki na kilo 63 hivi, mifupa ikiwamo. Ndiyo biashara yenyewe hiyo: kilo 300 zinaingia, kilo 63 zinatoka. Wataalamu wa mahesabu wanajua kwamba katika ufugaji huu zaidi ya nusu ya gharama yote ni chakula. Bei ya kumnunua yule mtoto ni sehemu ndogo.

Na ukimlisha nusu, je? Wengi hudhani atakua nusu, atachukua mwaka badala ya miezi sita, hasara si kubwa. Sivyo. Mwili wa mnyama kwanza unajilinda wenyewe: unatafuta joto, unaendesha moyo na mapafu, unatembea. Hiyo ni kodi ya kila siku, anakua au hakui. Kinachozidi ndicho kinachogeuka nyama. Ukimpa kiasi cha kulipa kodi tu, anaweza kukaa mwaka mzima akala mamia ya kilo na usipate hata kitoweo cha ubatizo. Na kule kwetu mwezi wa sita na wa saba mnajua baridi ilivyo, kodi ya joto inapanda. Nguruwe wa nusu chakula ndiye nguruwe ghali kuliko wote.

Sasa chakula gani? Pumba za mahindi tunazo, Mbozi haijawahi kulia pumba. Tatizo ni kwamba pumba peke yake ni ugali bila mboga. Nguruwe anayekua anahitaji chakula chenye protini asilimia 16 hadi 18, na pumba ina asilimia 10 au zaidi kidogo. Kwa hiyo lazima uweke kitoweo. Mchanganyiko ninaowapa watu, wa kilo 100, ni huu: pumba kilo 70, mashudu ya alizeti kilo 20, dagaa waliosagwa kilo 8, chokaa ya mifugo au mifupa iliyochomwa na kusagwa kilo moja na nusu, na chumvi nusu kilo. Unachanganya kwa koleo sakafuni, ukianza na vile vidogo kwenye ndoo ya pumba ili chumvi isikae mahali pamoja. Hii si siri ya kiwandani. Akipata pakiti ya madini na vitamini dukani na aongeze, akikosa asiache kulisha.

Dagaa ni ghali, najua. Soya inaweza kushika nafasi yake, na siku hizi wakulima wetu wanailima. Lakini soya mbichi usimpe nguruwe. Ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo atakula na hatakua. Ikaange au ichemshe kwanza, kisha isage. Muhogo mchungu nao ukatwe, ukaushwe juani, ndipo ulishwe. Machicha ya pombe yanafaa kuongezea, ila yakiwa ya siku hiyo hiyo. Na dagaa waondoe mwezi wa mwisho kabla ya kuchinja, la sivyo utakula nyama yenye harufu ya ziwa.

Kuna mama pale kulia anatikisa kichwa. Najua, mahindi yaliyooza. Wengi tunasema yale yenye kuvu, yasiyoliwa na watu, wapewe nguruwe. Hapana. Sumukuvu inamharibu nguruwe ini, inamdumaza, na mbegu inaweza kutoka mimba. Yenye kuvu yafukiwe.

Kiasi: akishaachishwa mpe nusu kilo hadi kilo kwa siku, akifika kilo 30 mpe kilo moja na nusu, akizidi 50 mpe kilo mbili, na miezi ya mwisho kilo mbili na nusu au zaidi kidogo. Gawa asubuhi na jioni. Jike mwenye mimba asinenepeshwe, kilo mbili na kidogo zinamtosha. Anayenyonyesha ndiye wa kushibishwa kwelikweli.

Na maji. Hapa nawasema akina baba, kwa sababu maji hatuchoti sisi. Nguruwe wa kilo 50 anataka lita tano hadi nane kwa siku, na jike anayenyonyesha watoto kumi anataka ndoo nzima au zaidi. Asipopata maji, chakula hakiliki, na ile chumvi kidogo tuliyoweka inageuka sumu. Mkituma hela ya banda, tumeni na ya pipa na mfereji wa bati la paa. Bibi wa miaka sabini hawezi kuchota ndoo nne mtoni kwa ajili ya mnyama wako.

Nije kwenye majira, maana hapa ndipo wenye akili wanapopatia faida, na ndipo penye ile habari niliyowaahidi.

Soko kubwa la nguruwe kwetu ni Desemba. Ninyi wenyewe ndio soko, mnakuja Krismasi na njaa ya mwaka mzima. Rudi nyuma kutoka hapo. Mimba ya nguruwe ni siku 114: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Jike aliyepandishwa katikati ya Desemba anazaa wiki ya pili ya Aprili. Siku ya tatu watoto wapigwe sindano ya madini ya chuma, maana maziwa ya mama yana chuma kidogo sana na bandani hawachimbi udongo. Madume wahasiwe kabla ya wiki tatu, nyama isije ikanuka. Wanaachishwa kunyonya mwanzoni mwa Juni. Na Juni ndiyo mahindi yanaingia ghalani, mashine za Mlowo zinasaga mchana kutwa, na pumba zinashuka bei. Unanenepesha miezi sita, Juni hadi Novemba, wakati wote huo chakula kikiwa rahisi na barabara kavu. Desemba mnyama ana kilo 90. Anayeanza Desemba kununua watoto ili awalishe Januari hadi Mei ananunua pumba za kugombania, bei juu na magari yanakwama. Na asidhani atanunua pumba za mwaka mzima Julai na kuzirundika. Pumba ina mafuta, ikikaa sana inachacha. Miezi miwili mitatu, mahali pakavu, juu ya mbao, basi.

Sasa niambieni: tangu babu zetu, Juni na Julai sisi huwafanyia nini nguruwe?

Naam. Tunawafungulia.

Wakati wa kilimo tunawafunga, kwa sababu nguruwe akiingia shamba la jirani ni kesi. Mahindi yakishavunwa, mwenyekiti wa kitongoji hasemi kitu, kamba zinakatwa, wanazurura mpaka mvua za Novemba. Kila mtu anaona amepumzika kulisha. Yaani katika majira yale yale ambayo chakula ni rahisi kuliko miezi yote ya mwaka, ndipo tunapoacha kumlisha mnyama na kumtuma akajitafutie. Na anajitafutia wapi? Mnanisamehe, chakula kiko njiani, lakini mimi ni mtu wa mifugo na hii ndiyo kazi yangu. Anajitafutia vichakani, nyuma ya nyumba zisizo na choo, na nyuma ya zile zenye choo kisicho na mlango. Nguruwe anakula kinyesi cha binadamu. Anakipenda.

Kama mtu aliyekwenda pale kichakani ana minyoo tegu tumboni, kinyesi chake kina mayai maelfu. Nguruwe akiyala, yanaanguliwa, yanapita kwenye damu na kukaa katika misuli: ulimi, moyo, mapaja. Yanakuwa vifuko vidogo vyenye maji na kitone cheupe ndani, kama punje ya mchele. Wengi wenu mmeshaviona. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu tumboni, na mzunguko unarudi mwanzo. Mpaka hapo mtasema, minyoo ina dawa.

Ubaya uko mbele. Yale mayai hayachagui nguruwe. Binadamu akiyameza, kwa mikono ya mtu asiyenawa baada ya choo, kwa mboga iliyomwagiwa maji machafu, kwa maji ya kisima, nayo yanaanguliwa, yanapita kwenye damu, na yanaweza kukaa kwenye ubongo. Vifuko vile vile. Mtu anakaa miaka, kisha siku moja anaanguka. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo yenye ugonjwa huu, kiasi cha asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hii. Na watafiti wamefika kwetu, kwa miaka mingi wamepima nguruwe na watu wa Mbozi, na Mbozi iko kwenye orodha ya wilaya zenye tegu wa nguruwe. Hili halikuletwa na upepo.

Angalieni vizuri lilivyokaa. Anayepata kifafa si lazima awe mla nguruwe. Aliyekula nyama mbichi ndiye anayepata tegu tumboni, na yeye huenda hata hajisikii mgonjwa. Anayepata vifuko kichwani ni yeyote aliyemeza mayai yake: mtoto wa jirani, mke wake, Mwislamu anayenunua mchicha sokoni, Msabato anayeishi naye nyumba moja. Ndiyo maana niliwaomba wote mnisikilize.

Kila mmoja wetu humu anamjua mtu wa nyumbani mwenye kifafa. Aliyeungua mguu kwa kuangukia jikoni. Aliyetolewa shule kwa sababu wenzake waliogopa mate yake. Binti ambaye hakuolewa. Tumewaita wamerogwa, tumewapeleka kwa waganga, tumegombana na shangazi zetu. Sisemi kila kifafa ni cha tegu, kuna cha kuzaliwa, cha kuumia kichwa, cha malaria. Lakini hawa wengine tumewatengeneza wenyewe, kwa kamba iliyokatwa mwezi Julai na choo kilichokosa mlango. Na kifafa chenyewe kina dawa hospitali, mgonjwa akitumia kila siku wengi hukaa bila kuanguka. Aliye na ndugu nyumbani anayeanguka ampeleke hospitali ya wilaya kabla hajauliza ni nani aliyemroga.

Nasikia mtu anauliza: si wachuuzi wanapima ulimi? Wanapima, ndiyo. Wanamlaza nguruwe, wanavuta ulimi kwa kitambaa, wanapapasa. Mwenye vifuko vingi wanamkamata. Mwenye vichache, ulimi unakuwa laini na nyama ina kitu. Tena jiulize yule aliyekataliwa anakwenda wapi. Hazikwi. Anauzwa jioni kwa bei ya nusu kwa asiyepima, au anachinjwa nyuma ya nyumba na kuliwa na familia na majirani. Tumefanya upimaji wa kulinda mfuko wa mchuuzi. Wa kulinda watu bado.

Kumaliza ugonjwa huu hakuhitaji maajabu. Nguruwe asiyetoka bandani hali kinyesi cha mtu. Choo chenye mlango na kilichofunikwa hakiingiliki. Nyama iliyoiva mpaka ndani, isiyo na wekundu wala maji ya damu, haina tegu hai. Hapo nawasema na ninyi wa mjini: mapande makubwa mnayoagiza, yamebabuka nje na ndani bado yanateleza, mnakula kwa sababu mmechoka kusubiri. Subirini. Iko pia dawa ya nguruwe, oksifendazoli, dozi moja inaua vile vifuko mwilini mwake, lakini mnyama aliyepewa hachinjwi mpaka siku alizosema mtaalamu ziishe. Waliokwisha kuambukizwa watibiwe, watoto wao wafungwe ndani, na baada ya miaka michache tutakuwa tunazungumza habari nyingine.

Jambo la pili, nalipita haraka kwa sababu mnalijua kwa majonzi: homa ya nguruwe. Hii haimpati binadamu. Inaua nguruwe, banda zima kwa siku chache, na sisi hatuna chanjo wala dawa ya kumpa. Ni ugonjwa wa kwetu Afrika, ulielezwa mara ya kwanza Kenya na Montgomery mwaka 1921. Ngiri anaubeba bila kuumwa, na kupe laini wa mashimo ya ngiri wanaueneza. Kutoka huku umesafiri: mwaka 2007 ulitokea Georgia, kule Bahari Nyeusi, na inaaminika ulishuka na mabaki ya chakula cha melini. Mwaka 2018 ukaingia China na kuua nguruwe wasiohesabika. Nyanda zetu za juu hatuhitaji kusimuliwa, mwaka 2010 ulianza Kyela, ukapanda Mbeya, na mwaka uliofuata ukafika huku huku Dar es Salaam.

Kinachonihusu kwenu ni hiki: virusi vyake vinakaa kwenye nyama. Mnaposafiri Krismasi na mfuko wa nyama ya nguruwe kutoka mjini, mabaki yakamwagwa kwenye pipa la makombo, makombo yakaenda bandani, mmepeleka ugonjwa kwa basi. Makombo yenye nyama yachemshwe kabisa au yasipewe nguruwe. Na mkifika, msiingie banda la kwenu na viatu mlivyopita navyo kwa jirani kutazama nguruwe wake. Dume wa kuazima kijiji kizima naye ndiye posta ya ugonjwa. Ni afadhali kaya kumi wawe na dume wao, wasiye na undugu na majike, abaki hapo hapo. Nguruwe wakianza kufa, mpigieni afisa mifugo. Kinachoniumiza ni ile mbio ya kuwauza waliobaki usiku ule ule kabla hawajafa, gari linaondoka kuelekea Tunduma au Mbeya, na kila linaposimama linaacha msiba. Mkulima anayefanya hivyo simwiti mbaya, anajaribu kuokoa ada ya shule. Lakini kesho anayepata hasara ni shemeji yake wa kijiji cha pili.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zinakwisha. Niseme kamati imekubaliana nini, ili mnaposhika kalamu mjue mnachangia kitu gani.

Tangu sasa chama hakitapokea mchango wa "nguruwe" peke yake. Anayetaka kuisaidia kaya nyumbani atachangia fungu zima: watoto wawili walioachishwa, mbao na bati za banda lenye sakafu iliyoinuliwa kwa mita chache za eneo, pipa la maji, na kilo 600 za chakula zitakazonunuliwa kwa awamu tatu kati ya Juni na Oktoba. Chakula kitanunuliwa kwa pamoja, kwa lori, na kijana wetu mmoja wa stashahada ya mifugo atasimamia uchanganyaji na kupita mabandani. Fungu moja zima ni zito kwa mtu mmoja, basi changeni wawili, changeni ukoo. Afadhali kaya 20 zenye nguruwe wanaokula kuliko 100 zenye nguruwe wanaozurura.

Kaya itakayopokea fungu itakuwa na choo chenye mlango kabla watoto hawajashuka kwenye gari. Hili limetuletea maneno makali kwenye kikao, wengine wakasema tunawadhalilisha wazee. Mimi naliunga mkono. Mzee asiye na choo tusimnyime nguruwe, tumjengee choo kwanza. Vijana wa kijiji watachimba shimo, ninyi mnachangia bamba la zege, bati na bawaba. Ni kazi ya siku chache, na hakuna mchango wa chama hiki utakaozuia kifafa kwa bei ndogo kama huo.

Tena kuna machinjio. Kata yetu haina mahali pa kuchinjia nguruwe, wanachinjwa migombani. Tunataka sakafu ya zege, paa, kulabu za kuning'iniza, maji, shimo la kutupia yasiyofaa lenye mfuniko wa kufungwa, na kibanda cha mkaguzi wa nyama mwenye muhuri. Mchoro uko ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki, na kiwanja kimeshatolewa na kijiji. Tatizo moja halijatatuliwa nami silifichi: nguruwe atakayekutwa na vifuko akaharibiwa, mwenyewe anabaki na nini? Tukimwachia hasara yote, atarudi kuchinjia migombani. Napendekeza kila atakayechinja pale atoe kiasi kidogo kwenye mfuko wa pamoja, na mfuko umfidie sehemu yule atakayepoteza, kwa mwaka wa kwanza chama kikiongeza. Mhasibu wetu ameniangalia vibaya. Lakini lijadilini leo, maana bila hilo tutajenga jengo zuri la kufugia popo.

Kadi za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Ile ya mwaka jana ilikuwa na mstari mmoja, "nguruwe". Ya mwaka huu ina minne: watoto na banda, chakula, choo, machinjio. Aliyekwisha kununua nguruwe na wako nyumbani sasa hivi wanazurura, aandike kwenye mstari wa chakula na jina la kitongoji chake, tutaanza na hao kabla ya mavuno. Na wenye picha za nguruwe wa mama zao kwenye simu, nitakaa pale karibu na mlango wakati wa chakula. Nionyesheni mgongo na tumbo, si uso.